Amani ya Bi Mkasi

"Mimi nimemaliza kukasirika," alisema Bi Mkasi, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukumbi mzima wa harusi. "Tangu nianze kukaa kimya na nafsi yangu kila alfajiri, hakuna kiumbe mwenye miguu miwili anayeweza kunipandisha hasira. Kama yupo, asimame tumwone."

Alikuwa amepewa kile kipaza sauti awatakie maharusi maisha mema. Maharusi wenyewe walimtazama kama abiria waliopanda gari lisilo lao. Kule nyuma, mke wa mdogo wake, yaani wifi yake, aliweka chini mfupa wa kuku, akafuta vidole kimoja kimoja, akasimama.

"Nipo, wifi," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko, watu wakidhani ni utani. Mtu mmoja tu hakucheka: yule mdogo mtu, ambaye maisha yake yote ya ndoa aliyaishi katikati ya wanawake hao wawili kama kitambaa kinachosubiri kukatwa.

Jina la Bi Mkasi mgeni angedhani limetoka kwenye kazi, maana alikuwa fundi cherehani, tena fundi kweli, wa suti za kike na sare za ofisini. La hasha. Lilitoka mdomoni. Mteja akichelewa kufuata nguo zake aliulizwa, "Ulikuwa unasubiri unenepe ndiyo uje kulalamika imebana?" Mteja akiomba punguzo aliulizwa kama na hospitali huwa anaomba apunguziwe dripu. Walirudi hata hivyo. Pindo lake halikufumuka, na maneno yake walikwenda kuyasimulia nyumbani bila malipo.

Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba ambayo yeye na mdogo wake waliachiwa na wazazi. Mdogo mtu na mkewe walikaa upande wa nyuma. Bi Mkasi alilala kwenye kichumba cha pembeni, na chumba cha mbele, chenye mlango wa kutokea barabarani, kilikuwa cha kazi: vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, waya wa kutundikia nguo zilizokamilika, na sanamu la kujaribishia magauni, lisilo na kichwa. Wifi mtu alikuwa akisema hilo sanamu ndilo pekee lililoweza kudumu na Bi Mkasi, na ni kwa sababu halina masikio.

Enzi mama yao yu hai, nyumba ile ilikuwa na ugomvi mzuri. Asubuhi wifi na wifi wanarushiana vijembe, mchana wanakula sahani moja.

"Wifi, hii mboga umewapikia wagonjwa?"

"Nimekupikia wewe. Si ndiye mgonjwa mwenyewe?"

Wanacheka, wanamaliza, wanalamba sahani.

Kisha mama akafariki. Siku ya msiba, wifi mtu akiosha vyombo uani na wanawake wenzake, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sasa huyu naye tutamweka wapi? Hana mume, hana mtoto, hana mbele wala nyuma." Bi Mkasi alikuwa nyuma ya mlango na sinia la vikombe vichafu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mdomo ule, mkasi haukukata. Aliweka sinia chini taratibu, akaingia chumbani, akajifungia.

Haikupita muda akaja nesi mstaafu mmoja, mteja wa siku nyingi, kuongezewa kiuno cha gauni. Akamtazama fundi anavyotia pini kimyakimya, akashtuka, maana alizoea kutukanwa huku anapimwa.

"Mwanangu, una kitu kimekukaa hapa," akasema, akigonga kifua chake mwenyewe. "Kila siku, kabla hujashika uzi, kaa chini. Funga mdomo. Vuta pumzi. Mwombe Mungu akuoneshe kilichomo ndani yako. Akikuonesha, kitazame. Usikipambe, usikifukuze. Kitazame tu."

Bi Mkasi alichukua nusu ya dawa. Kukaa, akakaa. Kufunga mdomo, akafunga. Ile ya kutazama aliiacha mezani pamoja na vipande vya uzi.

Kila alfajiri akawa anatandika mkeka katikati ya vyerehani viwili, anafumba macho, anavuta pumzi ndefu hadi pazia la mlango linayumba. Akimaliza anainuka na tabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililoleta balaa. Lilikuwa tabasamu la mhudumu wa benki anayekwambia mtandao uko chini. Wifi mtu akirusha kijembe, anapokea tabasamu. Akirusha kingine kikubwa zaidi, tabasamu linapanuka.

Wifi mtu akaanza vita. Alfajiri, pumzi ya kwanza inapoingia tu, sufuria zinaanguka jikoni, moja baada ya nyingine, hadi zile ambazo hazijatumika tangu zinunuliwe. Redio ikahamishiwa dirishani. Siku nyingine akaja na ufagio, akafagia mkeka na aliyeukalia. Wateja wa mapema akiwapokea mlangoni anawanong'oneza, "Karibuni, ila msimwamshe marehemu."

Asubuhi moja alipiga kelele kabisa. "Wifi! Jikoni kunaungua!"

Bi Mkasi alifumbua jicho moja, akanusa, akalifumba. Akatabasamu.

"Mnaona?" wifi mtu akaiambia hewa. "Tungekufa wote hapa, mwenzetu anavuta moshi kwa utaratibu."

Alimlalamikia mumewe. "Unadhani dada yako ametulia? Yule ameninunia."

"Si anakuchekea?"

"Ndiyo kununa kwenyewe huko! Zamani ananitukana, namtukana, tunamaliza. Sasa tunamaliza vipi? Unamsema mtu, anakuangalia kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni!"

Mume aliendelea kukata kucha za miguu. Zilikuwa zimekatwa vizuri tu, lakini alikata.

Basi baada ya ile harusi, baada ya kuambiwa hadharani asimame aonekane, wifi mtu aliona maneno hayatoshi. Kama mdomo haukasiriki, chumba kitakasirika. Akamtafuta muuza simu mmoja, kijana wa viatu vyeupe, vyeupe kiasi kwamba alitembea akiviangalia vyenyewe badala ya njia. Kijana huyo alikuwa anatafuta fremu ya duka yenye mlango wa barabarani.

Wakakaa kikao Jumapili alasiri, sebuleni. Mdogo mtu akakohoa kikohozi cha mwenyekiti.

"Dada, huyu bwana anakitaka chumba cha mbele, kwa kodi. Vyerehani vyako utavihamishia chumbani kwako. Nyumba ni yetu sote, kwa hiyo bila neno lako hakuna linalofanyika. Ukikataa, imeishia hapo."

Neno moja tu. Bi Mkasi alijua kichumba chake kilivyo: kitanda, na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Hakuna bosi wa ofisini atakayepita uani, aruke ndoo, ainame chini ya kamba ya nguo ili akapimwe suti pembeni ya kitanda cha mtu. Bila chumba cha mbele angeishia kubandika vifungo vya majirani. Kazi ya maisha yake ilikuwa imewekwa pale mezani, na kuichukua ilitakiwa kusema "sitaki".

Lakini alimwona wifi yake. Alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, macho yanang'aa. Alikuwa anaisubiri vita kama mtu mwenye njaa anavyosubiri sahani. Na kwa sababu aliisubiri, Bi Mkasi akaamua kumnyima. Akafumba macho. Akavuta pumzi, akaitoa.

"Mimi nina amani," akasema.

"Kwa hiyo umekubali?" akauliza mdogo wake.

Tabasamu.

"Amekubali," akadakia muuza simu, akasimama kushikana mikono na kila aliyekuwa na mkono.

Ajabu, wifi mtu hakufurahi. Alisonya, msonyo mrefu uliomsindikiza hadi uani.

Siku chache baadaye, alfajiri, muuza simu akaja na seremala kupima ukuta wa kupachika makabati ya vioo. Mwenye chumba alikuwa kwenye mkeka wake, amefumba macho. Wakaona wasimsumbue. Wakapima kwa kumzunguka.

"Samahani, mama, inua goti kidogo," seremala akasema. Goti likainuka. Futi ya chuma ikapita chini yake, baridi. Likasukumwa sanamu, ikasukumwa meza. "Hapa tutang'oa huu waya," ikasema sauti ya muuza simu.

Bi Mkasi akakimbilia pumzi. Pumzi ikaja, lakini haikuja peke yake. Ilikuja na tusi kuhusu viatu vyeupe, tusi lililonyooka, lenye mwanzo na mwisho. Akavuta nyingine: tusi la mdogo wake na kucha zake. Akavuta ya tatu: wifi. Na hapo akashangaa, maana la wifi halikuwa moja. Yalikuwa yametundikwa kwenye mstari mrefu, yamepigwa pasi, kila moja tayari kuvaliwa. Jibu la sufuria. Jibu la ufagio. Jibu la marehemu. Alfajiri zote zile alizosema amekaa kimya alikuwa kazini. Alikuwa anashona.

Kwa mara ya kwanza akafanya ile nusu ya pili aliyoambiwa na nesi. Hakuyapamba, hakuyafukuza. Akayatazama moja moja, akafuata mstari hadi mwisho wake, na mwisho wa mstari alikuta sinia la vikombe, na mwanamke nyuma ya mlango. Huyo mwanamke hakuwa na amani yoyote. Alikuwa amenuna. Alinuna siku ya msiba, akaona aibu kununa katika umri ule, akautafutia mnuno wake jina zuri, na mwishowe akauhusisha na Mungu.

Akafumbua macho.

"Wifi!"

Sauti ilitoka na kutu. Wifi mtu akaja mbio, mwiko mkononi. Nyuma yake mumewe, mswaki mdomoni.

"Nini? Leo kunaungua kweli?"

"Chumba hiki sikitoi."

"Lakini mama, juzi si ulisema..." akaanza muuza simu.

"Wewe ondoa hiyo futi ukutani kwangu kabla sijakupima nayo shingo. Na viatu vyako umevinunua vya kutembelea au vya kuposa?"

Seremala akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Wifi mtu alikuwa amesimama wima, na kitu usoni mwake kilichokuwa kimezimika siku nyingi kikawaka.

"Ulisema una amani, wifi."

"Nilidanganya. Sina amani hata ya kujaza kisoda. Nilikununia. Siku ya msiba wa mama ulisema sina mbele wala nyuma. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Mdogo mtu akaacha kupiga mswaki, povu likimtiririka kidevuni. Kama alikuwa na la kusema, povu lilimwokoa.

"Nilisema," wifi mtu akajibu. Hakuinamisha macho. "Na mdomo ulikuwa nao. Kwa nini hukutoka ukanijibu pale pale? Ungenivunjia hivyo vikombe kichwani, tukalia wote, yakaisha."

"Iliniuma."

"Na mimi je? Kila asubuhi unanichekea kama kichaa. Unadhani mimi jiwe? Nilikuwa naongea na masanamu mawili humu ndani!"

"Hukuniomba radhi."

"Na sikuombi sasa hivi, nimeshika mwiko."

Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Maziwa yalifurika jikoni, yakanuka nyumba nzima, na hakuna aliyekwenda kuyaepua. Muuza simu na seremala walitoka kinyumenyume. Lakini Bi Mkasi, akiwa bado kwenye mkeka, nywele hazijachanwa, alihisi kifuani kama mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa. Haikuwa furaha. Ilikuwa nafasi tu, nafasi ya kidole kimoja, na pumzi ikapita pale bila kubeba neno.

"Sawa, umekataa," wifi mtu akasema. "Lakini usidhani utakalia chumba cha biashara bure kama zamani. Alichotaka kulipa yule, utalipa wewe."

"Nilipe kodi kwenye nyumba ya baba yangu?"

"Ya baba yako, na ya baba wa mume wangu. Nusu yako tunakutolea. Nusu yetu unaleta."

Zamani angejibu kabla sentensi haijaisha. Juzi angetabasamu. Sasa alijitazama ndani, akakuta vitu viwili vimekaa pamoja: hasira ilikuwepo, na wifi alikuwa na haki. Akaviacha vyote viwili vilipo.

"Nitaleta," akasema. "Mchoyo mkubwa wewe."

"Kaepue maziwa, mvivu mkubwa wewe."

Mkeka bado unatandikwa kila alfajiri. Sufuria bado zinaanguka. Tofauti ni kwamba siku hizi Bi Mkasi anasema hapo hapo, macho yamefumbwa, "Wifi, hizo sufuria zimekukosea nini?" na jikoni linatoka jibu, "Zina sura kama yako!" Kisha anarudi kwenye pumzi yake. Siku nyingine anafika mbali, siku nyingine anaishia kwenye hasira ya mteja wa jana, anaitazama mpaka jua linachomoza, anainuka kwenda kuwasha pasi. Tabasamu la benki halijaonekana tena. Mchana wanakula sahani moja, wakinyang'anyana kipande.

Kodi ya chumba cha mbele, nusu yake ikiwa imeshatolewa, ni elfu arobaini na tano kwa mwezi, umeme mbali.