Namba Ishirini na Saba

Aibu ninayo, tena ya kuzikwa nayo, kwa hiyo chekeni tu mmalize, mimi nimeshazoea.

Enzi za mkoloni nilikuwa nafundisha chuo cha ualimu huko Tororo, kijana wa Lumino mwenye suti moja na majivuno ya suti kumi, na mwaka huo nikatunga mtihani niliojisifu nao kila mahali (hata mke wangu alichoka) kwamba haupimi kukariri, unapima kuelewa. Mwenzangu Mwalimu Wandera, ambaye ndiye angeusahihisha ili mimi nisiwapendelee wa kwetu, akausoma akaguna, "Mwalimu, huu utawaua watoto wa watu." Nikamwambia mtihani ni rahisi, mgumu ni yeye. Basi ujinga ukaniingia: kwa kuwa karatasi zilikuwa na namba bila majina, nikaketi nikajibu maswali yangu mwenyewe, mwandiko nimeulaza upande, nikaichomeka yangu kama namba ishirini na saba kati ya zile ishirini na sita za wanafunzi, nikisubiri kuongoza nimcheke Wandera.

Siku ya matokeo tukajaa ukumbini. Mkuu wa chuo, Mzungu mwenye Kiswahili cha amri tupu, alikuwa anaanza na walioshindwa, na aliyeshindwa hufunga sanduku siku hiyo hiyo kwenda kwao. Wawili walikuwa chini ya alama thelathini za kufaulu. Wa kwanza Okoth, kijana wa Tiira, ambaye baba yake alikuwa akishinda kutwa akichimba kwenye mashimo ya dhahabu ili yeye asome. Akasimama, machozi yanamlenga.

"Namba ishirini na saba iko wapi? Alama kumi na nane! Simama!"

Jamani, jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Mkuu akasoma swali mojawapo la mtihani, mwalimu atajuaje kama mtoto ameelewa, kisha jibu langu kwa sauti: "Nitamwambia amfundishe mwenzake, mimi ninyamaze." Wanafunzi wakaangua kicheko. Wandera akainuka kueleza kwamba amefuata mwongozo wa kusahihishia niliouandika mimi, hoja nne nilizowaandikisha kwenye daftari, asiyeziandika apewe sifuri, na kwamba hata Okoth kaandika upuuzi kama huo huo.

Hapo moyo ukaniuma kwelikweli. Ningenyamaza, heshima yangu ingebaki na yule kijana angekwenda shimoni. Nikasimama.

"Bwana Mkuu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ishirini na saba."

Loo! Wandera alianguka kwenye benchi kwa kucheka, mpishi akaja mbio na mwiko mkononi akiuliza nani kafa. Mkuu hakucheka hata kidogo, akaniamuru niandike mwongozo mwingine, na Wandera azisahihishe upya zote za wanafunzi. Okoth akapata sitini na mbili, akabaki. Nikaomba na yangu irudiwe, Wandera akakataa katakata, akaibandika ukutani ofisini, ikakaa pale mpaka nilipohama.

Tangu siku hiyo simpi mwanafunzi mtihani kabla sijaufanya kwanza mwenyewe, mlango nimeukomea, na nikishajisahihisha, karatasi naichoma.