Ukuta wa Nne wa Jiko la Mama

Baba yangu alimjengea mama jiko la kuta tatu. Ukuta wa nne aliupata bure kutoka kwa watu wa barabara, na alijisifia hiyo bure mpaka majirani wakachoka kumsikiliza.

Barabara ya kutoka Mbinga kushuka ziwani ilipopanuliwa, mlima ulikatwa ukabaki wima nyuma ya nyumba yetu, udongo mwekundu mtupu. Ndipo wakaja wenye zege la kupuliza. Waliugongomea mlima wavu wa nyaya, wakawasha kompresa, mmoja akashika mpira mnene kama anayemwagilia bustani, zege likaruka na kuganda juu ya wavu. Kokoto zilizokataa kunata zilirudi hadi uani kwetu, kuku wakatawanyika. Kufikia jioni mlima ulikuwa na ngozi ngumu ya kijivu. Waliacha vipande vya bomba vikichungulia nje, ili maji ya ndani ya mlima yapate pa kutokea.

Baba akaliegemeza jiko hapo hapo. Bomba moja likaangukia ndani, juu kidogo ya mafiga, likawa linadondosha maji kutwa kucha. Mama akapika kwa moshi. Baba alikanda udongo na matambara, akaliziba, na kwa kuwa mkono ulishamkolea, akaziba na mengine yote ambayo ngazi yake ilifika, maana yalilowesha uwanja wa kuanikia kahawa.

Fomeni wa barabara alipita akaona.

"Shikamoo, mzee. Hayo matundu usiyazibe. Maji yakikosa njia yatausukuma ukuta."

"Marahaba. Wewe mgeni, mwanangu. Sisi Wamatengo maji hatuyafukuzi mlimani. Tunayachimbia ngolo, yanakaa humo, mahindi yanakunywa."

Fomeni akaenda zake. Ngolo ni mashimo ya shambani yaliyo wazi; shimo la juu likijaa humwagikia la chini. Ukuta ule haukuwa na pa kumwagia. Baba amelima ngolo tangu utoto wake na hakuliona hilo, nami sijamsamehe.

Mvua zilipokolea, mama aliniambia ukuta unatoa jasho. Aliugonga kwa mwiko nisikie, ukalia kama mtungi mtupu. Alimwomba baba azibue. Baba akamjibu mbele ya wageni waliokuwa wakila ugali wa mama huyo huyo: "Mke wangu anaogopa ukuta. Kesho ataogopa sufuria." Wageni wakacheka. Mama naye akacheka, angefanya nini. Nilichukua nondo nizibue mwenyewe, baba akaninyang'anya, akasema nikiwa na mji wangu nitatoboa ninachotaka.

Wiki hiyo nilikwenda Liuli kununua usipa, dagaa wa ziwani, wa kuuza, nikarudi na ndoo moja niliyomtengea mama. Nilikuta uani pamejaa watu na jiko halipo. Ukuta ulikuwa umelala mzima mzima, tope la mlima juu yake. Majembe yaliondoa tope yakagota kwenye zege, na hata palipopasuka, wavu uliendelea kuvishikilia vipande. Watu wa barabara waliufunga vizuri, sifa hiyo nawapa. Chini yake tulimsikia mama akiita kwa Kimatengo. Alikuwa akimwita baba. Mkasi wa kukatia nyaya ulipofika kutoka kambi ya barabara, mama alikuwa ameshanyamaza.

Watu wa barabara walirudi wakapuliza zege jipya, wakaweka mabomba mengi kuliko mwanzo. Sasa baba ana waya mrefu. Kila asubuhi hupanda ngazi akachokonoa matundu, moja baada ya jingine, na magoti yake yamekwisha. Majirani wananiambia nimhurumie. Fomeni aliniambia mabomba hayo hayahitaji kuchokonolewa kila siku, kuyaangalia kabla ya mvua kunatosha. Baba sijamwambia.

Asubuhi nikiwa nyumbani hutoka nje na kumkuta amekaa kizingitini, waya magotini, amemaliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Lile la jikoni umelizibua?"

Jiko halikujengwa tena. Baba huniangalia kidogo, kisha huinuka taratibu kwa kushika mlango, akaenda kuichukua ngazi.