"Ok" Niliyoifuta

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hata leo. Katika kazi hii ya kompyuta mtu akifika miaka arobaini na mitano ameshakuwa mzee; vijana wanamwita Mama na kumtafutia kiti chenye mgongo. Basi kwa kuwa nimepewa kiti, acha nikitumie. Na usiniharakishe, maana siku ile nilikuwa na haraka za kutosha mimi na wewe.

Nilikuwa nimetoka Nyeri, chuo nimemaliza, na hapa Kisumu nilikuwa na miezi minne tu. Dholuo yangu, yaani Kiluo, iliishia kwenye salamu na bei ya samaki. Nikapata kazi katika mradi mdogo uliotuma ujumbe wa simu kwa watu wa Ahero na vijiji vya Kano wakati wa mafuriko: mto umefika wapi, barabara ipi imekatika, maji yapi yanafaa kunywa. Ujumbe wenyewe aliuandika Mama Adhiambo, muuguzi mstaafu, mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye aliandika kwa Dholuo, mimi nikauweka kwenye faili na kuhakikisha mashine inautuma. Nilijivuna, sikufichi. Pale ofisini mimi ndiye niliyejua kompyuta, na nilitaka kila mtu alijue hilo.

Faili lile nililitunza kwa git. Kama bado hujaizoea, ni programu inayokumbuka faili lako lilivyokuwa kila mara ulipolihifadhi rasmi. Ukiandika git diff, inakuwekea lilivyokuwa na lilivyo sasa: mstari ulioondoka kwa rangi nyekundu na alama ya kutoa, mstari ulioingia kwa kijani na alama ya kujumlisha. Haikuambii umefanya vizuri au vibaya. Inakuonyesha tu, uamuzi ni wako.

Wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha milimani bila kupumzika, mto Nyando ukavunja kingo, na huko Kano maji ya vyoo yakaingia visimani. Asubuhi nilikaa kukagua ujumbe mmoja mmoja kama hauzidi urefu unaokubaliwa na simu. Kila uliofaa niliuandikia "ok" mwishoni, nijue nimeshaupitia. Nilipomaliza nikaiamuru kompyuta ifute kila "ok" iliyosimama peke yake katika faili lote. Amri moja tu, na nikajiona mjanja.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Alama zile nilikuwa sijazihifadhi. Nimeziweka, nimezitoa, basi faili lilipaswa kuwa vilevile lilivyokuwa jana, na git diff ilipaswa kunyamaza, isionyeshe hata mstari mmoja. Nikaiandika. Haikunyamaza. Ilinitolea mistari mitano myekundu na mitano ya kijani. Nikaitupia jicho miwili ya kwanza, nikaona inafanana, nikasema moyoni ni nafasi tu zimepungua kati ya maneno. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni akiuliza kama tuko tayari, na nilimwogopa mkurugenzi kuliko nilivyoogopa kukosea. Nikabonyeza q kuifunga, nikahifadhi, nikatuma.

Mama Adhiambo alikuwa ameweka namba yake kati ya wapokeaji ili aone kile ambacho watu wanaona. Simu yake ikalia mezani. Akasoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

"Nyathina," akaniita, yaani mtoto wangu. "Nani amesema maji ni mzuri?"

"Ni ujumbe wako, Mama. Sijaandika kitu mimi."

"Mimi niliandika pi ok ber modho. Hapa inasema pi ber modho. Ok imeenda wapi?"

Nikamweleza, bado natabasamu, kwamba ok zilikuwa alama zangu za kuonyesha kazi iko sawa, na nimezisafisha zote.

"Hiyo okay yako ni ya Kizungu," akasema. "Hii ni yetu. Kwa Dholuo ok ni si. Maji si mzuri kunywa, ndiyo niliandika. Sasa wewe umeambia watu wa Kano wakunywe."

Niliogopa, mwanangu. Yeye akavuta kiti, akaketi kando yangu, akaniambia nimwonyeshe kila nilichobadilisha. Nikaiomba git ilinganishe faili la sasa na la jana. Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma mstari mwekundu, kisha wa kijani chini yake, kwa sauti, huku akinitafsiria. Gari la dawa halitakuja leo, sasa litakuja. Daraja halipitiki, sasa linapitika. Alikuwa hajawahi kuiona programu ile maishani mwake, na aliisoma kuliko mimi.

"Kabla utume, ulikuwa unaona hii?" akauliza.

"Niliiona."

"Na mimi niko hapa, mita mbili. Haungeniita?" Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Kutojua Dholuo sikulaumu. Ulikuja juzi. Lakini uliona kitu hauelewi, ukafunga."

Tulirekebisha tukatuma upya ndani ya nusu saa. Lakini git inaweza kukurudishia faili la jana, haiwezi kumfanya mtu asiwe amesoma. Tukagawana orodha ya wahudumu wa afya wa vijijini, tukawapigia simu, nao wakaenda nyumba kwa nyumba. Wote walipokea isipokuwa mmoja, mama mzee wa upande wa Ahero ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani bibi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilimpigia mara kumi na moja. Mwishowe Mama Adhiambo akachukua mwavuli wake akasema twende, na mkurugenzi akatupa gari.

Njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu kichwani: ujumbe umefika saa tano, sasa ni saa nane, mtu huchota maji saa ngapi, watoto hurudi saa ngapi. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamezama, tukashuka, tukatembea hadi magoti yakalowa. Tulimkuta Dani ameketi mlangoni, na kando yake dumu la maji ya rangi ya udongo, kifuniko kimefunguliwa. Mama Adhiambo akamweleza kwa Dholuo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi.

"Mimi niliona hiyo maji ni chafu," akaniambia polepole, kama mtu anayejitetea. "Nilikuwa nimekataza watoto. Lakini simu yenu ikasema ni mzuri, basi nikawapa. Mnisamehe."

Aliniomba radhi mimi. Hilo sijawahi kulizoea.

Mjukuu wake wa miaka minne, Akoth, alianza kuhara kesho yake. Alilazwa siku nne, na kila jioni nilitoka kazini nikaenda kukaa kwenye benchi la wodi, nikiitazama chupa ya dripu, nikiogopa kumuuliza daktari. Siku ya tano mtoto aliomba uji, nami nikalia mbele za watu. Kazini hawakunifukuza. Wakati mwingine nadhani ningefukuzwa ingekuwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, nakwambia wazi. Usihifadhi kabla hujasoma git diff yote, mpaka mstari wa mwisho, hata kama bosi yuko mlangoni anatazama saa. Kabla ya kuiandika, jiulize unatarajia ikuonyeshe nini. Ikikuonyesha kingine, au ikisema pale ilipopaswa kunyamaza, simama hapo hapo. Ukiona mistari miwili inafanana na huoni kilichobadilika, usiseme ni nafasi tu. Iandike git diff --word-diff, ikuonyeshe neno kwa neno. Na ikiwa neno lenyewe si la lugha yako, inuka uende kwa mwenye lugha, umwambie hujui. Utaona aibu kidogo. Mimi nimeona aibu ya kuuliza na nimeona ile nyingine, na hazilingani hata kidogo.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka. Akupe mtu wa kuketi kando yako akusomee mstari usioujua. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea tu, mwanangu, masahihisho yako yamfikie mtu kabla hajainua kikombe.