Tepe Nne za Kilatini

Mume wangu alivunjwa meno kwa kitako cha bunduki kwa sababu ya tafsiri. Nasema hivyo tangu mwanzo ili mtu asije akadhani alikuwa mpiganaji. Alikuwa mwalimu wa Kilatini, mwembamba, mwenye pumu, na sijawahi kumwona akimpiga hata kuku.

Ilikuwa miaka kumi baada ya uhuru wa Warundi. Tulikaa mtaa wa Ngagara, mjini, na kwa wiki kadhaa malori ya jeshi yalikuwa yakiingia mchana kweupe kuzoa wasomi wa kabila la mume wangu: walimu, makarani, wauguzi, hata vijana wa sekondari. Jirani yetu, karani wa posta, aliburutwa kwa mkanda wa suruali hadi barabarani, na alipojaribu kusimama walimkanyaga shingo. Mke wake alibaki ameshika kiatu kimoja cha mumewe. Malori yalitoka yamejaa na kurudi matupu, na wanajeshi walikuwa wakiyaosha kwa ndoo pale bombani tulipochota maji ya kunywa.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Nilimsihi tuvuke kwetu. Akaniambia ana mitihani ya kusahihisha. Mtu mzima, anaona watu wanachinjwa, anabishana na kifo kwa kalamu nyekundu! Nilitaka kumzaba kofi.

Sasa hizo tepe. Kila sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule, mume wangu aligawa darasa lake makundi manne, na kila kundi alilipatia kaulimbiu ya chama cha kale cha mashujaa wa farasi wa Ulaya, wale waliovikwa nishani na wafalme wao. Vijana walivaa utepe begani, wakashindana kukimbia na kukariri. Kutarizi maneno ilikuwa kazi yangu, na hakuniruhusu kutunga uzi kabla sijamwambia kila neno lina maana gani. Alisema hashonewi na kasuku.

Kwa hiyo nilizijua. Tria iuncta in uno, vitatu vilivyounganishwa kuwa kimoja. Pretium laborum non vile, malipo ya taabu si haba. Quis separabit, nani atatutenganisha. Huo niliutarizi kwa uzi mzuri kuliko zote, kwa sababu niliuona ni wetu, Mrundi na mke wake Mkongomani ambaye mama mkwe hakumtaka. Wa nne sikuupenda. Nemo me impune lacessit, hakuna anichokozaye akabaki bila adhabu. Nilimtania kwamba mabwana wale walikatana mapanga maisha yao yote, kisha wakajifunga hariri yenye maneno ya kanisani. Alicheka, akasema ndiyo sababu ya kujifunza maana.

Walikuja tukila maharage. Wanajeshi watano na luteni wao, kijana msafi, mpole wa sauti. Walipasua godoro kwa kisu, wakavunja kabati, mmoja akamwaga sufuria ya moto miguuni pa mume wangu na kumwangalia aone kama atalia. Kisha wakafungua sanduku la nguo, wakatoa zile tepe. Uso wa luteni ulibadilika. Mjini ilisemwa kwamba vijana wa shule wameunda vikosi vyenye alama za siri, na mkononi mwake sasa kulikuwa na alama nne, zimetariziwa vizuri, kwa lugha ya kuficha.

Aliushika ule wa nne, akausoma kwa sauti, polepole, bila kukwama popote, kama padri madhabahuni. Akauliza nani ameshona. Nikasema ni mimi.

"Hii inasema nini, mama?"

Nikamwambia ni sala ya Bikira Maria, tunamwomba atulinde. Luteni akatabasamu. Akachukua Quis separabit, akanisogezea karibu na uso, akauliza na hii je. Wakati huohuo mwanajeshi mmoja akapita nyuma yangu, nikasikia pumzi yake shingoni.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme sala nyingine, mume wangu akanikatiza.

"Apana, siyo sala. Uyu mwanamuke ni mujinga, hajue kitu. Anashona tu bintu byenye namupatia. Maneno ni yangu, mi peke yangu."

Halafu akautafsiri ule utepe wa nne sawasawa, kwa sauti yake ya darasani, neno kwa neno, mpaka kwenye adhabu. Hakupunguza chochote. Kitako cha bunduki kilimpata mdomoni kabla hajafunga sentensi. Alianguka juu ya sahani. Walimpiga mateke ya mbavu hadi pumu ikamshika, wakamfunga mikono kwa tepe zangu mwenyewe, wakambeba na kumtupa ndani ya lori juu ya watu wengine. Nilikimbia nyuma nikaangushwa kwa teke la tumbo. Luteni alinitazama nikiwa chini, akasema kwa Kifaransa wamwache huyo, hajui chochote.

Mume wangu hakurudi. Hakuna kaburi, na hakuna aliyewahi kuulizwa.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia kiasi cha kulitukana jina lake jikoni. Nilijua ni nini kilichomuua: ualimu. Hakuweza kusikia tafsiri mbovu akanyamaza, hata mbele ya bunduki. Niliwasimulia dada zangu hivyo kule Uvira, nao wakatikisa vichwa.

Siku moja nilikuwa kanisani, padri kijana anasoma Kilatini kwa kubabaika, anarudia maneno. Nikakumbuka jinsi luteni alivyosoma. Nikatoka nje misa haijaisha. Yule kijana alisomeshwa na mapadri. Alijua maana ya utepe ule kabla ya kuniuliza. Swali lake lilikuwa la kunipima mimi. Nilishadanganya mara moja, na ya pili ilikuwa ulimini. Mume wangu, aliyekaa miaka ishirini akisikiliza watu wakisoma Kilatini, alilijua hilo tangu neno la kwanza. Ndipo akaniita mjinga, ili uongo wangu uonekane ni kutojua, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mke wake, na wakamwamini.