Mawe Tuliyoongeza Olorgesailie

Udongo mweupe wa Olorgesailie ukinyeshewa hutoa harufu ya chaki iliyolowa. Nilikuwa nimeisahau kabisa, mpaka nilipompeleka binti yangu kule na manyunyu yakatupata tukishuka kwenye gari. Nikasimama palepale. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimevaa sweta ya shule katika jua kali la njia ya Magadi, kwa sababu mama alisema safari ni safari.

Mliosoma Kitengela miaka ya tisini mnazijua safari zetu. Lori la mchanga lilifagiwa kwa heshima yetu, na kila mtoto alibeba chapati mbili ndani ya gazeti. Tulipofika, mwalimu alibaki nyuma akizozana na dereva, nasi tukakimbilia mahali penye mashoka ya mawe, mamia kwa mamia, yamelala chini pale yalipoachwa na watu wa zamani sana.

Naisiae, niliyekaa naye dawati moja, alisimama ghafla. Kwao Wamaasai, kaburi la mtu wa heshima hurundikiwa mawe, na kila apitaye huongeza lake.

"Hapa kuna mtu mkubwa amelala," alinong'ona. "Hatuwezi pita hivi hivi."

Akaokota jiwe njiani, akalirusha taratibu katikati ya yale mengine. Sisi Wakamba wa mtaa wa Noonkopir hatukuwa na desturi hiyo, lakini nani alitaka kushindwa adabu? Mimi nilirusha matatu. Wengine wakafuata, na tukajiona watoto wema sana.

Mwalimu alipofika na kuona, alishika kichwa.

"Nani ameanza hii maneno?"

Macho yote yakamgeukia Naisiae. Mwalimu akasema kesho aje na mzazi. Naisiae aliishi kwa shangazi yake, na shangazi alikwisha kuapa kwamba akiitwa shuleni mara moja tena, angemrudisha kwao Loitokitok. Nilijua hayo yote. Nilijua pia mawe yangu yalikuwa mengi kuliko lake, na bado nikaufyata ulimi. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Mzee aliyetunza mahali pale alikuja polepole na fimbo yake. Naisiae aliinamisha kichwa, na sikujua kama anamwamkia au anangoja kofi. Mzee akaweka kiganja juu ya kichwa chake, kama wazee wao wanavyowaamkia watoto.

"Mwalimu, niachie hawa kidogo," alisema. "Macho yangu yamezeeka, siwezi jua ni gani mpya. Kila mtu aliyeweka jiwe aje anisaidie kutoa."

Alituonyesha pa kukanyaga, akatufundisha kutazama. Shoka lina makali pande mbili na ncha mbele, mtu amelichonga akalichonga. Jiwe la njiani ni jiwe tu. Nilitafuta mawe yangu matatu nikitokwa jasho ndani ya sweta yangu. Nilipoinua kichwa, karibu nusu ya darasa tulikuwa tumesimama mbele ya mwalimu, mawe mkononi. Akatuangalia, akahesabu wazazi ambao angelazimika kuwaita, akasema twende tukale. Habari ikaishia hapo.

Safari hii nilikuta mambo yamependeza. Njia ya mbao ina vishikio na kivuli, mfereji una maji, vyoo ni safi, na maelezo yameandikwa kwa Kiswahili, na binti yangu aliyasoma kwa sauti mpaka mwisho. Kibao kimoja kilisema: "Usiondoe jiwe, wala usiongeze." Nilicheka mpaka binti yangu akaona haya.

Nilimwuliza kijana aliyetuzungusha kuhusu yule mzee. Alikwisha kufariki.

"Huyo alikuwa anajua kila jiwe hapa," kijana akasema. "Hata mbuzi akisukuma moja, yeye anajua tu."

Ndipo nilipoelewa. Macho ya mzee hayakuwa yamezeeka hata kidogo. Alitaka tu Naisiae asibaki peke yake mbele ya mwalimu. Nilimpigia Naisiae simu palepale. Siku hizi ni muuguzi mjini Kajiado, mama wa watoto wawili, na alimaliza shule akiishi kwa shangazi yuleyule. Nilimwambia nilichogundua, nikijiona mjanja.

"Kwani hukujua?" akasema. "Jiwe langu alilitoa yeye mwenyewe, la kwanza kabisa, hata hakutafuta. Akanipea nishike. Halafu akaketi kuwangoja nyinyi."

Nilimshukuru mzee yule kimoyomoyo, kwa kuchelewa kwangu kote. Jiwe la Naisiae alilitoa mwenyewe. Yangu matatu alikuwa ameyaona pia, akaniachia niyatoe mwenyewe.