Bampa Lililokataa Kunyooka

Kwenye ile gereji ya ukuta wa mabati walimwita Kipimo, na jina hilo hakupewa kwa utani. Miaka thelathini na moja alikuwa akinyoosha bodi za magari, na jicho lake wenzake walilihesabu kama kifaa cha gereji, sawa na jeki au mashine ya kuchomelea. Mafundi wakibishana kama mlango umekaa sawa, mmoja wao angesema, "Muiteni Kipimo atazame." Naye angekuja bila haraka, mikono nyuma, angetazama mara moja na kusema, "Umepanda unene wa kucha." Wakiupima, wanakuta kweli umepanda unene wa kucha.

Asubuhi moja aliletewa pikapu ya Mama Maziwa, mwanamke mwenye sauti ya kujaza uwanja, aliyekuwa akisambaza maziwa madukani. Bampa la mbele lilikuwa limelegea upande wa kushoto, linaning'inia kama mdomo wa mtu aliyenuna, nalo limefungwa kwa waya wa kuanikia nguo.

"Niliingia mtaroni nikimkwepa mbuzi," alieleza. "Mbuzi mwenyewe hata hakugeuka kunitazama."

"Njoo saa tisa, mama. Utalikuta limekaa."

Ilikuwa kazi ndogo. Kipimo aliliweka gari kwenye sakafu ya saruji, palipo sawa, akahakikisha matairi yote yana upepo unaolingana, maana tairi moja likipungua upepo hata bampa zima litaonekana limelala. Akakata waya, akaweka jeki na kipande cha ubao chini ya bampa, akafungua bolti. Bano la kushoto, kile chuma kinachoshikilia bampa kwenye chesisi, lilikuwa limepinda kama kiwiko. Akaligonga kwa nyundo mpaka likanyooka, akalirudisha, akapandisha bampa kwa jeki taratibu, akakaza bolti. Kisha akarudi nyuma hatua saba, akafumba jicho la kushoto kama desturi yake, atazame.

Bampa lilikuwa bado limelala kushoto. Si hivyo tu, katikati lilikuwa limebonyea, kama kitanda cha kamba kilichochoka.

Akalegeza, akapandisha, akakaza. Akarudi nyuma. Limelala vile vile. Mara ya tatu akachukua futi ya chuma, akapima kutoka sakafuni: kushoto sentimita arobaini na nane, kulia arobaini na nane. Akapima tena. Arobaini na nane, arobaini na nane.

Maishani mwake futi na jicho lake havikuwahi kugombana. Akaitazama ile futi, akaona ncha yake imechakaa, akaamua kwamba yenyewe ndiyo yenye makosa. Akachukua tupa, akarefusha matundu ya bano, akapandisha upande wa kushoto vidole viwili, ndipo akaliona limenyooka. Hata hivyo aligeuka kulitazama mara mbili, kama mtu aliyetoka nyumbani bila uhakika kama alizima jiko.

Saa tisa Mama Maziwa alikuja. Alisimama mbele ya gari lake, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Fundi, mbona limepanda huku? Gari linanicheka."

Kipimo alidhani ni masihara. Fundi wa rangi akasogea, akifuta mikono kwa tambara. "Kweli limepanda, Kipimo. Hata mtoto analiona. Au unatupima akili?"

Kipimo akajitia kucheka. "Sijamaliza bwana, mna haraka gani? Mama, nipe nusu saa."

Alikwenda nyuma ya gereji, penye bomba, akanawa uso, akidhani ni vumbi la tupa. Akarudi, akaegemea nguzo, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Bampa likaonekana kama lilivyo: limepanda kushoto, kioja kitupu. Akaziba la kushoto, akatazama kwa la kulia peke yake. Bampa likateremka, likabonyea. Akageukia fremu ya mlango wa gereji, aliyoichomelea yeye mwenyewe. Ilikuwa imejipinda katikati kama moshi. Akamtazama fundi wa rangi, na pale pua ilipopaswa kuwa palikuwa na doa la kijivu.

Alijua kitu hicho. Alikuwa amekiona kikiingia nyumbani kwao.

Lile bampa alilirudisha kwa futi tu, bila kuliangalia. Arobaini na nane, arobaini na nane. Bolti alizitafuta kwa kupapasa, akazikaza uso umegeukia pembeni. Mama Maziwa alizunguka gari lake, akaridhika, akapiga honi na kwenda zake. Kipimo alibaki amesimama, hajui alichofanya ni kizuri au kibaya, isipokuwa kwa kuambiwa.

Nyumbani siku hizo walikuwa wawili tu. Mkewe alikuwa amekwenda kumtunza binti yao aliyejifungua, na aliyebaki ni dada yake mkubwa, aliyewahi kuwa fundi cherehani hodari na sasa mwaka wa tisa haoni. Kipimo alimficha hata yeye. Alijikaza kisabuni siku tatu. Akiwa kazini alikwepa kuitwa kutazama chochote, akasingizia mgongo. Akiwa njiani alipitia ukutani, akihesabu hatua. Usiku usingizi ulimpita kando, na asubuhi, kabla hajafumbua macho, alikuwa akimwomba Mungu asikute giza.

Siku ya nne, mchana, alikuwa anammiminia dada yake chai. Chai ikapita pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani hadi sakafuni.

Dada yake alitega sikio, akayasikiliza matone. Kisha akauliza, "Jicho gani?"

"Jicho gani la nini, dada?"

"Usinizungushe. Siku tatu unatembea kama paka kwenye nyumba ya watu. Mlangoni unapapasa kwanza. Nimeuliza jicho gani."

Kipimo aliweka birika chini. "La kulia."

"Vitu vinapinda?"

"Vinapinda. Umejuaje?"

"Mimi ilikuwa mishono," alisema dada yake. "Nashona pindo limenyooka, naliona nyoka. Nikafumua, nikashona tena. Wateja wakaanza kulalamika, nikawasingizia uzi, nikasingizia mashine. Niliogopa kuambiwa, basi nikaficha mwaka mzima. Nilipokwenda, daktari aliniuliza swali moja tu: mama, ulikuwa wapi?"

"Naogopa, dada."

"Ogopa. Lakini uogopee njiani, ukiwa unakwenda. Na mimi nakuja."

Kesho yake walikwenda hospitali, yeye akimshika dada mkono, ingawa mtu aliyewaona asingejua nani anamwongoza nani. Daktari wa macho, kijana mpole wa maneno machache, alimpa Kipimo karatasi yenye mistari ya miraba kama daftari la hesabu, akamwambia azibe jicho moja. Kwa la kushoto miraba ilikaa. Kwa la kulia ilikuwa imeyeyuka katikati.

"Kuna maji yanavuja nyuma ya jicho, mzee," daktari alisema. "Yanabonyeza pale panapoonea. Tutachoma sindano ya kuyakausha."

"Mtachoma wapi?"

"Ndani ya jicho."

Kipimo aliinuka kitini. Mtu aliyewahi kutolewa kipande cha chuma kwenye paja bila ganzi, sasa alikuwa anautafuta mlango. Dada yake alimvuta shati, akakaa. Wakamtia dawa ya ganzi, wakamwambia atazame juu. Alishika kingo za kitanda mpaka vidole vikafa ganzi navyo. Alisikia kama kubonyezwa na kidole, akaona viputo vyeusi vikielea, basi. Alipotoka nje, dada yake aliyeketi kwenye benchi akamwambia, "Pumua, mdogo wangu. Hujapumua tangu uingie."

Alichomwa mara tatu, kila baada ya mwezi, na mara zote tatu aliogopa sawasawa. Doa la kijivu lilipungua. Mistari ilinyooka karibu yote. Katikati pakabaki mbonyeo mdogo, ambao daktari alisema huenda usiondoke, na akamwonya kwamba jicho la pili nalo ni la kuchunga.

Gerejini aliwaambia wenzake ukweli, kwa sauti ya chini, akiwa anapanga spana zilizokwisha kupangwa. Hakuna aliyecheka. Fundi wa rangi alimletea futi mpya na pima maji, akaviweka juu ya meza ya Kipimo, akarudi kwenye rangi zake.

Siku hizi, kila akiamka, Kipimo husimama mbele ya dirisha la chumbani, anaziba jicho moja, anatazama nondo za dirisha, kisha anabadilisha. Sekunde ile ya kuhamisha kiganja, humwomba Mungu. Nondo zikikaa sawa, na ule mbonyeo wa jicho la kulia haujakua, huita kutoka huko huko chumbani, "Dada, zimenyooka," na kusikia dada yake akijibu kutoka uani, "Haya, njoo unywe chai."