Roboti Yetu na Jua la Kitisuru

Sanduku lenyewe la vifaa vya roboti halikuwa letu. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ameliazima, na siku aliyolileta alilikalia kama anayeogopa litamtoroka, akatuambia sharti moja tu. Roboti ikimaliza mstari siku ya mashindano, sanduku linabaki kwetu mpaka mwaka uishe. Isipomaliza, linaenda shule nyingine.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, mtoto wa msusi wa Kenyatta Market, na darasani sikuwa mtu wa kutajwa. Lakini nilipokiona kile kigari cha plastiki kikipinda chenyewe bila kushikwa, nilikosa usingizi kwa furaha. Nilijiona nimevaa koti jeupe, niko juu kwenye ghorofa la Upper Hill, natengeneza roboti za kuwasukuma wagonjwa pale hospitali kubwa. Ndoto nilikuwa nazo za kugawia watu.

Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu wa dawati moja, na kijana wa kidato cha tatu aliyejua kompyuta. Roboti ilitakiwa kufuata mstari mweusi kwenye ubao mweupe. Chini ya tumbo ilikuwa na jicho dogo, na yule kijana akaiandikia maagizo kwenye kompyuta ya shule: ukiona kweusi namna hii, pinda huku, ukiona kweupe namna hii, pinda kule. Mazoezi tulifanyia stoo ya viti, mlango umefungwa na dirisha la bati limeshushwa, kwa sababu Mwalimu aliogopa wezi. Humo ilizunguka muhula mzima bila kukosea. Hakuna aliyewaza kufungua dirisha.

Mashindano yakawa likizo ya Agosti, kwenye shule moja ya kifahari huko Kitisuru. Rafiki yangu alikuja na rasta mpya, zile za kusukwa kwa nywele za bandia, mpaka mabegani. Shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo yeye huingoja likizo kama watu wanavyongoja Krismasi. Mama yangu alikuwa amemsuka bure, Jumamosi nzima, kwa vile alinifundisha hesabu.

Ukumbi wa pale ulikuwa vioo kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari. Kwenye meza ya chai maji ya moto yaliwekwa peke yake na maziwa peke yake, kila mtu ajitengenezee, na sisi tuliozoea kuvichemsha pamoja hilo lilituchekesha sana. Nje kulikuwa na mawingu. Halafu jua likatoka, sote tukashangilia, tukaiweka roboti ubaoni tuijaribu.

Ilizunguka pale pale. Haikuona mstari kabisa.

"Hiyo yenu imeangusha shilingi?" kijana wa timu nyingine akatuuliza, na wenzake wakacheka.

Yule wetu wa kompyuta alipiga magoti, akaichungulia chini. Alipoinuka alionyesha vile vioo kwa kidole. "Ni jua. Hata nyeusi inaona ni nyeupe."

"Si ubadilishe," nikamwambia.

"Nibadilishe na nini? Kompyuta iko shule."

Yule aliyetucheka akaja na laptop yake, na alikuja kwa roho safi, ila roboti zao zilikuwa za aina nyingine na haikuelewana na yetu. Mwalimu alikaa kwenye kiti, mikono katikati ya magoti. "Ni mimi nilikuwa nafunga hiyo dirisha," akasema, na hakumwambia mtu yeyote hasa.

Tuliifunika na sweta, ikashindwa kulivuta. Tukaizungushia kipande cha katoni, kikakwama palipoungana mbao. Timu mbili zilikuwa zimebaki kabla yetu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuliaga lile sanduku moyoni, kila gurudumu na kila waya.

"Inataka giza," rafiki yangu akasema. "Lakini giza laini. Kitu ya kufagia chini." Akashika kisogo chake. "Kata."

"Nikate nini?"

"Hizi za nyuma. Mama yako atanisuka tena."

"Hata wiki mbili hujamaliza nazo."

"Kata kabla nibadilishe mawazo, wewe."

Niliazima makasi nikakata, huku machozi yananidondoka kwenye shingo yake. "Sasa unaninyeshea," akasema. Tukazikatakata vipande vifupi, tukaibandikia roboti kuzunguka tumbo kama sketi.

Kila timu ilipewa nafasi mbili. Ya kwanza, roboti yetu iliondoka vizuri. Ilipinda kona ya kwanza, ikapinda ya pili, halafu ikaanza kukoroma, ikasimama. Zile ncha nilizokata zilikuwa zimefumuka, na nyuzi zimejisokota kwenye ekseli ya magurudumu.

Mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo. Tangu nikiwa mdogo kazi yangu pale sokoni ni hiyo: kushika beseni la maji moto, kuchovya ncha za rasta zisifumuke. Niliitazama ile meza ya chai, nikakimbia.

Kijana wa kompyuta alichokoa nyuzi kwa pini. Mimi nilibandua kila kipande nikakichovya kwenye kikombe cha maji ya moto, vidole vikiungua, rafiki yangu akipanguza vipande kwa sketi yake ya kanisani na kuvibandika tena. Mwamuzi alikuwa ameshatuita mara mbili.

Safari hiyo sikuweza kuangalia. Nilisimama nyuma ya rafiki yangu, macho kwenye kisogo chake, pale penye pengo na nywele zake fupi zimesimama. Nilikuwa namuomba Mungu kwa ajili ya roboti, na katikati ya sala nikajikuta naomba kwa ajili ya hicho kichwa.

"Inatembea polepole," akanong'ona. "Iko kona ya mwisho. Imesimama. Hapana, inatembea." Nikamshika bega.

"Imevuka," akasema.

Tulikuwa wa mwisho katika wote waliomaliza. Mwalimu alilibeba sanduku mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Jioni tulipita Kenyatta Market. Mama alimgeuza rafiki yangu kichwa, akaliona pengo, akaniangalia mimi. Nikamweleza yote.

"Kwa hivyo mimi nimesuka roboti," akasema.

"Eeh, mama."

"Na ikafika."

"Ikafika."

Alivuta kiti kwa mguu, akamkalisha rafiki yangu, akanituma nikachemshe maji.